Migebuka Mia Tatu

Sikukinunua. Nilikikopa kwa maneno
na nusu ya bei, pale Mwanga, mlangoni kwa Bukuru,
kijana asiye na mvi hata moja,
mikono imejaa makovu ya cheche kama aliyepona tetekuwanga.

"Kilikuwa jani la springi," alisema,
"la lori la chumvi lililofia njia ya Uvinza."
Alikuwa amekifua siku mbili, kisha kikiwa chekundu
akakizamisha katika mawese. Kikapiga ukelele,
uchochoro mzima ukanukia maandazi.

"Mgongo mlaini, makali magumu.
Pasua migebuka mia tatu bila kukigusisha kinoo.
Kikifika, lete nusu iliyobaki.
Kisipofika, kisu ni chako na hatudaiani."

Mimi visu vimenidanganya miaka kumi na tisa.
Vile vya dukani, vinavyong'aa kama meno ya mgombea:
asubuhi vinakata, adhuhuri vinapapasa.
Nikaenda nacho Kibirizi, nikachora kwa mkaa
kwenye bati la banda langu: mistari minne, wa tano unaifunga.

Lakini samaki si mtihani. Samaki ana huruma,
hujiachia hata kwa kisu kizembe.
Mtihani ni nyanya iliyoiva, jioni, baada ya kazi.
Kisu kilichochoka huteleza juu ya ngozi yake
kama mkwe anayetafuta la kusema.

Arobaini. Tisini na tano. Nyanya ikakubali.
Kisu kikaanza kuota rangi, buluu ya shingo ya njiwa,
kisha kijivu; limau likakiachia doa.
Skola wa banda la pili akasema, "Hicho kimeugua."
Nikamwambia kinazoea.
Usiku nakifuta, nakipaka mawese,
maana chuma hiki ukikilaza na maji
asubuhi unakikuta na kutu kama mdomo wa mla embe.

Mia moja themanini. Mbalamwezi ikaingia,
mitumbwi ikalala, na mkaa wangu ukalala.
Mia mbili na arobaini. Mia mbili na tisini na moja,

na jioni ile nyanya ikabonyea
kabla ya kukatika.

Tisa. Zimebaki tisa tu!
Nikakaa juu ya ndoo nikipiga hesabu:
nusu ya bei ni unga, ni sare ya Yoshua, na chenji inabaki.
Nikamwita aniletee maji. Akaja akitazama miguu yake.
"Waya wa kichanja," akasema kabla sijauliza,
"mara moja tu, Mama Mdogo."

Nilipanda kwenda Mwanga kisu nimekiviringisha gazeti,
pesa nimefunga pindo la kitenge,
uongo nimeutia chini ya ulimi, umelainika, uko tayari.

Bukuru hakuniuliza idadi.
Alikitoa nje, akakielekeza juani.
Makali yaliyo hai hayaonekani, alisema,
ukiona yanameta, hapo yamekufa.
Nami nikaona: karibu na ncha, nukta moja ya mwanga,
ndogo kama ufuta. Kwingine kote, giza.
Akapitisha ukucha. Ukakwama.
"Samaki gani huyu," akasema, "ana mfupa wa namna hii?"

"Waya," nikasema.
Sijui ule uongo niliumezea wapi.

Nikafungua pindo, nikaweka noti juu ya fuawe.
Hakuzihesabu. Alimwagia kinoo maji,
akavuta kisu taratibu, upande huu, upande ule,
nikawa nasikia sauti ikibadilika,
kukwaruza, kisha kama mtu anayenong'ona,
kisha karibu kimya.

Nimelifuta bati kwa kitambaa cha maji.
Alfajiri hii ndoo ya kwanza imeingia ingali baridi,
na anayeshika mkaa ni Yoshua.
Ameuchora mstari mrefu kupita kiasi.
Moja.